Mng'aro wa Motokaa na Asili Yake

Zamani, mtu aliyetembea pwani wakati wa maji kupwa, akaona jahazi limelazwa ubavu juu ya mchanga, aliwakuta mafundi wakilipaka vitu viwili. Sehemu ya chini, izamayo majini, waliipaka deheni, nayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Sehemu ya juu, ipigwayo na jua na upepo, waliipaka sifa, nayo ni mafuta ya maini ya papa. Hapana fundi aliyeuliza ipi kati ya mbili hizo ni bora. Aliuliza kwanza ubao huu utapatwa na nini: mdudu wa baharini atoboaye mbao, au jua lipasualo mbao? Jawabu la swali hilo ndilo lililomwambia achovye kitambaa chake katika chungu gani. Na baada ya miezi kadha jahazi lilipandishwa tena pwani, deheni ya kale ikakwanguliwa, mpya ikapakwa. Kwa kuwa kinga yo yote hufa kwa ajili ya kitu inachokikinga.

Leo mwenye motokaa husimama dukani mbele ya makopo na chupa. Kopo hili ni la nta. Chupa ile ni ya silanti, jina walipewalo dawa zilizoundwa kwa kemia ili kuuziba uso wa rangi usipenywe na maji wala uchafu. Kila kimoja kimesifiwa ubavuni mwake kwa maneno makubwa. Mnunuzi huuliza swali lile ambalo fundi wa jahazi hakuliuliza: ipi bora? Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, halina jawabu. Na kwamba jawabu hupatikana tukijua rangi iliyo chini ya nta ilitoka wapi na imebadilikaje. Habari hiyo ni ya zaidi ya miaka 150, na mwanzo wake haukuwa mbali na jahazi lile. Ulikuwa katika mchanga wa Mrima.

Kabla ya motokaa palikuwa na magari ya farasi, na kabla ya nta palikuwa na vanishi. Katika karne ya 19 watengenezaji wa magari ya matajiri wa Ulaya na Marekani walitaka vanishi ngumu, yenye kung'aa na kustahimili matope, na vanishi ya namna hiyo ilipikwa kwa sandarusi. Sandarusi ya Unguja ilihesabiwa kuwa ngumu kuliko sandarusi zote za biashara. Iliitwa ya Unguja kwa sababu ilipakiwa melini huko, lakini ilichimbwa bara, katika Mrima na nchi za kusini yake. Utomvu wa msandarusi ulidondoka, ukafukiwa na ardhi, ukakaa humo muda mrefu hata ukawa mgumu kama jiwe. Mara nyingi ulichimbwa mahali ambapo mti wenyewe haukuwapo tena. Kipande kilichokomaa kilijulikana kwa vipele vilivyojaa usoni mwake, mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya. Utomvu mbichi uliitwa chakazi. Na wafanya biashara wa Kizungu, ambao masikio yao hayakulizoea neno hilo, waliligeuza likawa jina la punda katika lugha yao. Richard Burton, aliyesafiri katika nchi hizi kati ya 1857 na 1859, aliandika habari za uchimbaji huo na za jina hilo pia.

Mwaka 1833 Sayyid Said na serikali ya Marekani waliandikiana mkataba wa biashara. Merikebu za Salem, mji wa Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho jina lake katika Kiswahili, merikani, lakumbusha hata leo kilikotoka. Ziliporudi zilichukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple kilichokuwa kikiisafisha sandarusi na kuondoa ule uso wake wenye vipele. Kisha wapishi wa vanishi waliiyeyusha kwa moto wa zaidi ya digrii 300, wakaichanganya na mafuta ya mbegu za kitani na tapentaini. Basi tajiri wa New York aliyejitazama katika ubavu wa gari lake kama katika kioo, yamkini alijitazama katika utomvu wa Uzaramo. Mchimbaji wake hakuliona gari hilo, na jina lake halikuandikwa po pote.

Jambo la pili la kutazama ni namna magari hayo yalivyotunzwa. Vanishi ilipakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilingojewa likauke kabla ya lile lililofuata. Gari likaoshwa kwa maji baridi mengi, likapanguswa kwa ngozi laini. Watunzaji walionywa wasiliache tope likauke juu yake, wasilioshe juani, wala wasililaze karibu na zizi, kwa kuwa hewa ya mkojo wa farasi, yenye amonia, iliiua vanishi. Nta haikuwa nguzo ya utunzaji huo, na sababu yake ni wazi: vanishi yenyewe ndiyo iliyokuwa kinga. Ilipofifia na kupasuka, gari lilirudishwa kwa fundi, likasuguliwa, likapakwa vanishi upya. Rangi ilikaa chini kwa amani. Vanishi ilikufa juu yake. Msomaji aishike habari hii, maana tutairudia.

Motokaa za kwanza zilirithi desturi hiyo pamoja na uzito wake. Kupaka rangi motokaa moja kuliweza kuchukua majuma kadha, na kiwanda kilichotaka kutoa motokaa nyingi kwa siku hakikuweza kuwa na banda la kuzilaza zote zikikauka. Henry Ford, aliyeanza kuuza Model T mwaka 1908, alikata shauri kutumia rangi moja tu, nyeusi, kuanzia 1914 mpaka 1925, rangi nyeusi yenye lami ndani yake. Walakini watu huchoka na weusi. Mwaka 1923 kampuni za DuPont na General Motors zilionyesha motokaa aina ya Oakland zilizopakwa laka mpya iliyoitwa Duco, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi. Kazi ya majuma ikawa kazi ya saa. Rangi za kila namna zikaingia barabarani. Na sandarusi, ambayo tayari ilikuwa imeanza kushindwa sokoni na sandarusi za nchi nyingine zilizokuwa rahisi zaidi, ikazidi kusahauliwa, kwa kuwa ulimbo ulioundwa viwandani ulichukua mahali pake.

Lakini hapana faida isiyo na gharama. Laka ya nitroselulosi ilikauka upesi, nayo ilichakaa upesi. Chembe za rangi zilikuwa usoni, bila ya tabaka la kuzifunika. Jua liliuchoma uso huo hata ukawa kama chaki, na aliyeupitisha mkono aliuondoa mkono wake una vumbi la rangi. Hapa ndipo nta ilipopata kazi yake. Nta za motokaa zilikuwako kabla ya hapo. Simoniz, mathalan, ilianza Marekani mwaka 1910, na jina lake lilienea hata Waingereza na Wamarekani wakaligeuza kuwa kitenzi. Lakini laka ndiyo iliyofanya utiaji nta uwe desturi ya kila mwenye motokaa aliyejiheshimu.

Yataka hapa kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya mpaka leo. Kazi ya kwanza ni kusugua, yaani kuondoa uso uliokufa ili uso ulio hai uonekane. Dawa yake ina chembe ngumu zikwanguazo, nayo ni polishi kwa maana yake halisi. Kazi ya pili ni kufunika, yaani kuweka juu ya uso huo kitu kitakachopatwa na jua na maji kabla ya rangi yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya nta. Polishi hupunguza, nta huongeza. Dawa nyingi za zamani zilifanya yote mawili kwa pamoja, na aliyeipenda motokaa yake kupita kiasi, akaisugua kila Jumapili, aliifikia mwishoni rangi ya chini, akashangaa. Mapenzi yasiyo na maarifa huila rangi kama jua liilavyo.

Nta iliyosifiwa kuliko zote hutoka kaskazini-mashariki ya Brazil, hasa Ceará na Piauí. Huko huota mti wa jamii ya minazi na mivumo uitwao karnauba. Kiangazi cha nchi hiyo ni kikali, na mti hujifunika majani yake kwa nta ili maji yake yasikaushwe. Watu huyakata majani, huyaanika juani, huyapiga yakatoa unga, kisha huuyeyusha unga huo. Nta hiyo ni ngumu kuliko nta nyingine za mimea na wadudu zitumikazo, nayo huyeyuka kwa joto la digrii 82 hata 86. Mwaka 1935 Herbert F. Johnson, mwenye kiwanda cha nta huko Racine, Wisconsin, aliruka kwa ndege mpaka Ceará kuutazama mti huo kwa macho yake. Hivyo ndivyo viwanda vya Marekani vilivyokuwa vikiutegemea.

Tuilinganishe na nta tuijuayo sisi, nta ya nyuki, ambayo Unyamwezi imeiuza ng'ambo tangu zamani. Nta ya nyuki huyeyuka kwa digrii 62 hata 64. Bati la motokaa nyeusi iliyosimama juani Tabora au Mombasa adhuhuri laweza kupita digrii 60. Basi nta ya nyuki peke yake italegea na kushika vumbi, na karnauba itasimama. Nyuki hana kosa katika haya: nta yake yalitosha mahitaji ya mzinga, na ya karnauba yaliumbwa kwa jani lililo uso kwa uso na jua. Lakini karnauba tupu ni ngumu mno kupakwa. Kwa hiyo watengenezaji huilainisha kwa mafuta na viyeyushi. Sehemu kubwa ya kile kilichomo koponi huruka hewani mara ipakwapo, na utando ubakiao ni mwembamba mno. Kwa hiyo nta ya namna hii, katika jua na mvua na kuoshwa mara kwa mara, hudumu kwa majuma, si kwa miaka.

Wala tusiisahau mikono. Katika karne hii wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil wamewakuta, si mara moja tu, wakata majani ya karnauba wakiishi katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo yaifananisha na utumwa: maji machafu, pa kulala hapana, ujira mdogo. Mchimbaji wa sandarusi wa Mrima amepata ndugu. Tangu gari la farasi mpaka motokaa ya leo, mng'aro umependeza macho ya mbali na wale walioutoa.

Njia ya pili ilifunguliwa na kemia. Mwaka 1943 kampuni mbili za Marekani, Dow Chemical na Corning Glass, ziliunda pamoja kampuni ya kutengeneza silikoni, nayo kwanza ilitumika kwa mahitaji ya vita. Baada ya vita mafuta ya silikoni yaliingia katika dawa za motokaa. Yalienea kwa wepesi, yakapanguswa bila ya kutoa jasho, yakang'aa na kuyafukuza maji. Kisha zikaja polima nyingine zilizoundwa zishikamane na uso wa rangi, na hizo ndizo msingi wa silanti. Utando wa silanti haulegezwi na joto kama nta, wala hauoshwi upesi na sabuni. Aghalabu hudumu kwa miezi. Nayo ilileta lawama yake. Fundi atakaye kupaka rangi upya motokaa iliyowahi kutiwa silikoni, asipoisafisha kwa uangalifu, huona rangi yake mpya ikijitenga na kuacha vishimo vya mviringo, ambavyo mafundi huvifananisha na macho ya samaki. Kilichokinga rangi ya jana chaikataa rangi ya leo.

Badiliko kubwa zaidi halikutokea katika kopo la nta, bali katika rangi yenyewe. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimekuwa vikipaka motokaa tabaka mbili: chini rangi yenyewe, juu yake tabaka lililo wazi kama kioo. Tabaka hilo aghalabu lina unene wa mikroni 40 hata 50, ambao ni mwembamba kuliko unywele wa mtu, na ndani yake zimetiwa dawa za kuinywa miale ya urujuanimno. Sasa msomaji akumbuke lile gari la farasi. Rangi chini, vanishi juu: tumerudi tulikotoka, ila tumeacha jambo moja njiani. Mwenye gari la farasi alijua kwamba vanishi itakufa, akajiwekea desturi ya kuipaka upya. Mwenye motokaa wa leo huzaliwa na kuzeeka na vanishi ile ile, na ikishakufa, ikabambuka kama ngozi ya nyoka juu ya paa na boneti, hapana nta wala silanti iirudishayo. Hubaki kusugua mpaka chini na kupaka rangi upya, kwa fedha nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo kazi ya kinga imehama. Zamani vanishi ilikufa kwa ajili ya rangi. Sasa yapasa nta au silanti ife kwa ajili ya vanishi. Utando huo si ngao ya kuzuia jua lote, maana kazi hiyo hufanywa zaidi na zile dawa zilizomo ndani ya vanishi. Faida yake ni kupokea kwanza chumvi ya bahari, kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na vumbi, na kuvifanya vitoke kwa urahisi bila ya kusuguliwa kwa nguvu. Kila kusugua kulikoepukwa ni sehemu ya mikroni iliyookolewa.

Hapa sasa twaweza kulijibu swali la dukani, kwa kuligeuza. Mwenye motokaa na aijue kwanza rangi yake. Jaribio lake ni jepesi: achukue kitambaa cheupe na polishi kidogo, asugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya motokaa, basi rangi hiyo ni ya namna ya zamani, isiyo na tabaka la wazi. Hiyo yafaa nta, na hasa nta yenye mafuta, kwa kuwa uso wake hunyonya, na mng'aro wake hutokana na kunyonya huko. Na kama motokaa ni kuukuu na itakwenda kwa mpaka rangi hivi karibuni, mwenyewe ajihadhari na silikoni nyingi. Kitambaa kisipochukua rangi, yamkini pana tabaka la wazi juu. Motokaa hiyo, ikiwa hulala nje, huoshwa mara chache na kukaa karibu na bahari, yafaa silanti, kwa kuwa adui wake hapumziki, na kinga ya majuma machache itakuwa imekwisha kabla mwenyewe hajakumbuka kuirudia. Lakini ambaye motokaa yake hulala bandani, naye hufurahia kuitunza kwa mkono wake, hapotei akichagua nta. Upungufu wa nta hufidiwa na bidii ya mwenyewe. Nta ya mtu mwangalifu hushinda silanti ya mtu msahaulifu.

Katika karne hii imekuja kinga ya tatu, iitwayo ya kauri, ambayo msingi wake ni silika, kitu kile kile kifanyacho mchanga na kioo. Ikipakwa sawasawa hushika kwa nguvu, na hudumu kuliko zile mbili. Lakini hufungia ndani kila mkwaruzo uliokuwapo kabla yake, na kuiondoa ni kazi ya kukwangua. Wauzaji wengine huitangaza kana kwamba imeuondoa wajibu wa kuosha. Haikuuondoa. Vumbi likipanguswa kavu juu ya kauri hukwaruza, kama lilivyokwaruza vanishi ya gari la farasi. Na onyo la watunzaji wale, maji mengi, kivuli, na tope lisiachwe likauke, lingali onyo bora.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi huisikia methali hii kuwa lawama juu ya mapambo, na huenda ndivyo. Lakini fundi wa jahazi angaliisikia kwa namna nyingine: ndani pana kipande cha mti, basi mjue mti huo kabla hujaupaka. Waliochimba sandarusi waliujua uso wa kila kipande kwa vipele vyake, wakatenga iliyokomaa na chakazi kwa kuitazama tu. Maarifa yao yalikwenda ng'ambo ndani ya magunia bila ya majina yao, yakarudi yamekuwa makopo yenye majina ya wengine. Anunuaye kopo moja leo hawezi kulipa deni hilo. Lakini aweza kufanya kama walivyofanya wao, akautazama uso kwanza ndipo auamulie.